Mwaka wa Gari la Mama Sifa

Simu ya kifo cha Mzee Gatera ilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Nilitaka kuinuka hivyo hivyo. Kijana wa mashine akanishika bega: "Muzee, utaenda vile kwa batu?" Nikakaa amalize, na mashine ilipokuwa ikipita nyuma ya sikio nikagundua kwamba ninalia. Sikuwa ndugu wa Gatera, wala hatukuwahi kula pamoja zaidi ya mara mbili. Lakini wapo watu waliokuona siku moja tu ya maisha yako, siku uliyokuwa si kitu, na hao huwezi kuwasahau. Kesho yake nikapanda Mudende kwenye mazishi. Siku hizi mji wetu wanauita Rubavu, mimi bado nausema Gisenyi, na kutoka Gisenyi hadi kilima kile mwendo umekuwa mfupi mpaka unakera. Mama Sifa walikuwa wamemketisha kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mwembamba sana, kitenge kimemzidi. Kwa miaka zaidi ya ishirini tulikuwa tumepeana salamu tu za barabarani. Akapapasa kiti cha pembeni yake. "Kaa hapa, Mutanzania." Hakuna mwingine aliyebaki duniani anayeniita hivyo. Nikakaa, na mahubiri yakaendelea bila mimi.

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka ishirini na minne, leseni ya Tanzania na suruali mbili. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo watu wa kilima kile, ambao wengi walikuwa wamerudi kutoka Kongo, walinisemesha kwa Kiswahili chao, kisha wakacheka changu, wakisema ni cha redioni. Aliyecheka zaidi alikuwa Sifa, binti wa bibi aliyeniajiri. "Sema tena, Redio," angeniambia, na mimi mjinga nasema tena. Mama yake alikuwa mjane, mfanyabiashara wa viazi: anavikusanya Mudende, anavishusha Gisenyi, na vingine vinavuka hadi Goma kwa dada yake. Mwaka ule alinunua gari la dizeli la watu wanane, la kijivu, lililotoka Dubai likapitia mikono ya mtu mmoja wa Goma aliyeliuza huku akitabasamu kupita kiasi. Lilikuwa otomatiki. Mjini watu walikuwa wakilizunguka, wanachungulia miguuni kwangu. "Embrayage iko wapi?" Nami nawajibu kwa majivuno, utadhani nimeliunda mimi, kwamba hili halihitaji klachi, linajua lenyewe. Nilikuwa nimemwambia Mama Sifa kwamba nimeendesha magari ya kila aina. Ukweli ni kwamba siku ya kwanza nilitafuta klachi kwa mguu wa kushoto, nikaikuta breki, na Mama Sifa akaibusu dashibodi.

Walinipa chumba nyuma ya jiko, nusu chumba nusu ghala. Upande mmoja kitanda changu, upande wa pili magunia ya viazi vya mbegu vilivyokuwa vikichipua gizani, na harufu yake ya udongo mbichi ikachanganyika na moshi mpaka ikaingia kwenye mashati. Tulikula viazi vilivyochemshwa na maganda, maharage, maziwa ya kuganda, na siku za kushuka mjini tulirudi na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ambao Mama Sifa aliwakaanga wakavunjika kama karanga. Sifa alikuwa ameolewa Busasamana, lakini kila mwezi alikuja siku mbili tatu, anakaa kizingitini akimenya viazi vya kesho na kunidhihaki. Ukuta kati yangu na jiko ulikuwa wa mbao zilizoachana, na sikujifanya kuziba masikio. Jioni moja nilimsikia Mama Sifa akizungumza na dada yake wa Goma juu ya ingobyi. Ingobyi ni kitanda kilichosukwa kwa mianzi, chenye miti miwili mirefu. Mgonjwa hulazwa humo na wanaume wa kilima humteremsha hospitali mabegani, wakipokezana. Kila nyumba ya kilima imo katika chama cha kubebana, nacho huitwa ingobyi. Isiyo na mwanamume wa kubeba, kama ya Mama Sifa, hutoa pombe ya mtama siku ya mkutano. Na Mama Sifa alikuwa ameokoka.

"Mi sipike tena ile pombe," alisema. "Nikipika, pasta ananisema. Nisipopika, Gatera ananisema. Sasa Mungu amenipa voiture. Natoka mu ingobyi."

"Na ikiharibika?" dada yake akauliza.

"Aka! Hii ni otomatiki. Inajiendeshaka yenyewe."

Kitandani kwangu, gizani, nilitabasamu. Nilijiona nimesifiwa mimi. Asubuhi akanituma kwa Mzee Gatera, mkubwa wa ingobyi, kupeleka habari, kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka kumtazama usoni. Nilimkuta Gatera uani kwake ameipakata ile ingobyi, analowesha vipande vya mianzi na kuvipenyeza pale palipolegea. Alikuwa mtu mfupi, shingo nene, bega moja limeshuka kuliko jingine. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha redioni kwamba nyumba ya Mama Sifa imetoka, maana sasa tuna gari. Nilisema "tuna". Aliendelea kusuka.

"Bon. Tumesikia," akasema. "Lakini umuambie na hii. Nyumba yenye iko ndani, tukisikia kilio tu, tunaingia. Nyumba yenye imetoka, hatuingiake na ingobyi bila kuitwa. Watasema tumewaletea kifo ku mulango. Donc siku akitutaka, aite. Aite tu, hata mara moja."

"Haitafika huko, mzee," nikamjibu. "Gari halichoki kama mabega."

Hapo ndipo aliponitazama, bila hasira. Miaka yote hii nimekuwa nikijaribu kuimeza sentensi ile irudi ilikotoka, na haikubali. Ujumbe niliufikisha wote. Mama Sifa aliijua sheria ile tangu zamani, akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akaniambia nikafute viti.

Ugonjwa wa gari ulianza na baridi ya Juni. Mudende iko juu, chini ya volkano, na asubuhi ukungu unakaa hadi kwenye vikombe. Nikawasha, nikaweka mkono wa gia kwenye D, nikaachia breki, na gari likabaki pale pale. Injini inanguruma vizuri, magurudumu hayana habari. Nikahesabu hadi kumi, mara paa! likashika na kuruka mbele, magunia yakaanguka nyuma. Mlimani nako likawa halitaki kuingia gia ya tatu. Injini inapanda sauti, inapiga kelele, mpaka uondoe mguu ndipo libadilishe kwa shida, likitingisha abiria meno. Tukalishusha kwa Kizito, fundi wa Gisenyi aliyekuwa na karakana chini ya soko. Kizito aliweza kufungua giaboksi ya lori, boite kama alivyoiita, na kuirudisha huku akisimulia habari za mpira. Alilala chini ya gari letu kwa muda mrefu, akatoka ameduwaa. "Hii boite haina embrayage. Sasa mi nitashika wapi?" Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akanusa. Mafuta yalikuwa yamepungua na kuungua. "Inakosa mafuta tu. Lete mafuta ya boite."

Dukani nikapewa yale mazito kama asali, ambayo giaboksi zote za mji ule zilikuwa zikinywa. Muuzaji alinionyesha pia kopo la mafuta mepesi, mekundu, akauliza kama si hayo. Nikarudi mbio kumuuliza Kizito. "Nyekundu ni ya direction," akasema, akiwa na maana ya usukani. "Boite ni boite." Mimi nilikuwa nimeziona herufi zilizochongwa kwenye kile kijiti, na niliona wazi kwamba hazikuwa zile za kwenye kopo zito. Niliziona, wallahi. Lakini Kizito alikuwa na umri wa baba yangu, na mimi ndiye mtaalamu niliyeendesha magari ya kila aina. Nikiuliza sana itajulikana sijui. Basi nikashika faneli, yeye akamimina. Miaka mingi baadaye, kwenye foleni ya forodha, dereva mmoja wa Mombasa alinieleza kwamba otomatiki hufanya kazi kwa kusukumwa na mafuta yale mepesi, na kwamba ukiyatilia mazito, tena ya baridi, hakuna kitakachosukumwa. Alinieleza kwa kucheka. Nilimuaga, nikaenda kukaa nyuma ya lori langu peke yangu.

Kuhesabu kumi kukawa dakika moja. Dakika ikawa tano, kisha kumi na tano. Na hapa ndipo penye ubaya wote: likishapata moto, lilikwenda. Lingekufa kabisa tungelilia na kuliacha. Lakini kila asubuhi lilikataa, kisha likakubali, na sisi tukajifunza kulisubiri. Nikawa naamka kabla ya jogoo kuwasha injini. Nililifunika boneti kwa magunia. Mama Sifa angetoka na kitenge cha sokoni, anasimama mlangoni: "Imekubali?" Nami: "Bado kidogo, Mama." Fundi wa Goma aliyeitwa na dada yake Mama Sifa alisema boite itolewe ipelekwe Kigali, na Kigali wakasema vipuri vyake havipo. Siku moja nilimkuta Mama Sifa ameweka kiganja juu ya boneti, macho amefumba, anaomba. Sikucheka. Nilikuwa nimefanya hivyo hivyo siku mbili kabla, na mimi hata si mtu wa maombi.

Sifa alikuja mwezi wa Oktoba, siku ya Ijumaa, akala viazi viwili akasukuma sahani. Alisema tumbo linamsumbua kidogo. Asubuhi ya Jumamosi, kwenye saa moja, mvua ndogo inanyesha, alikuwa amechuchumaa jikoni akipuliza moto, akaanguka upande. Tulipomwinua midomo yake ilikuwa imekuwa ya majivu na jasho la baridi linamtoka. Hakupiga kelele. Mama yake akasema, "Gari," na mimi nikawa tayari nimeshaliwasha. Tukamlaza kiti cha katikati, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Nikaweka D. Hakuna kitu. Nikaweka R, nikarudisha N, nikaweka D tena. Gari halikutikisika hata kidogo.

"Dakika tano, Mama," nikasema. "Likipata moto tu."

Nikaanza kukanyaga mafuta ili lipate moto haraka. Injini ikalia, ikalia, kilima kizima kikasikia. Ng'ambo ya ua wetu wa miti, kwenye njia ya mashambani, wanaume walianza kusimama mmoja mmoja, majembe mabegani. Nilimwona Gatera na kofia yake. Hawakuwa wakitutazama. Walikuwa wakitazama chini, kama watu wanaosubiri mvua ikatike. Nikaweka D. Hakuna. Nyuma yangu Mama Sifa alikuwa akiomba kwa Kinyarwanda, haraka haraka, jina la binti yake likirudi kila baada ya maneno machache. Akakatisha: "Imekubali?" Nikamwambia dakika tano. Sifa akafumbua macho, akanitafuta kwenye kioo. "Redio," akasema, sauti ndogo, "sema kweli." Nikamwambia linapata moto, lipo karibu. Baadaye, usiku mwingi wa maisha yangu, nimehesabu: nilisema dakika tano mara sita.

Niseme nilichokuwa nikikifikiri, maana nimezoea kukificha. Nilikuwa nikimsubiri Mama Sifa atamke neno. Neno lilikuwa lake, nyumba ilikuwa yake. Mimi sikuwa mtu wa nyumba ile wala wa kilima kile. Nilikuwa dereva wa kuajiriwa, tena ndiye niliyetumwa kutangaza kwamba hatuwahitaji, nikaongezea na ya kwangu juu ya mabega. Na bado kulikuwa na kitu ndani yangu kikisema subiri kidogo, litakubali kama jana, na utamshusha mgonjwa mbele ya macho yao. Niliogopa kifo cha Sifa, na niliogopa macho ya Gatera, na siwezi kuapa kipi nilikiogopa zaidi. Hicho ndicho kilichonishikilia kwenye kiti.

Kisha mkono wa Sifa ukateleza kutoka kitini ukaning'inia. Nikashuka na injini ikiwaka, nikakimbilia uwazi wa ua, nikapiga ukelele wa kuomba msaada kwa Kinyarwanda changu kibovu: "Nimutabare! Nimutabare!" Sikuwa hata nimefunga mdomo. Wanaume wanne waliinama nyuma ya ua, kwenye shamba la viazi, wakainuka na ingobyi. Ilikuwa imelala pale pale kati ya majani, blanketi limeshatandikwa, na juu ya blanketi wameweka karatasi ya nailoni isilowe. Gatera aliikunjua ile nailoni na maji yakamwagika kutoka katikati yake, maji mengi, ya mvua ndogo iliyonyesha kwa muda mrefu. Niliyatazama yakianguka miguuni kwake. Alinitazama mara moja, akasema, "Shika miguu yake, polepole."

Nilibeba na mimi. Hakuna aliyenizuia. "Usitembee na bega, tembea na magoti," Gatera aliniambia nilipokuwa nikimtikisa mgonjwa, na nikatembea na magoti. Kila tulipopita, wanaume waliacha majembe wakaingia chini ya miti bila kuulizwa, wengine wakatoka, na ingobyi haikusimama hata mara moja. Mama Sifa alikuwa akikimbia pembeni na viatu mkononi. Hospitali walitupokea mbio, wakafanya yote waliyoweza. Daktari alitoka mapema mno. Alisema kulikuwa na mimba changa, imetunga nje ya mji wa mimba, imepasuka, damu yote imeingia tumboni. Hakuna mtu aliyejua kama Sifa ana mimba, labda hata mwenyewe. Akauliza maumivu yalianza saa ngapi. Mama Sifa akamwambia. Daktari akatazama saa yake, kisha sakafu.

Tulimrudisha kwa ingobyi ile ile. Wale wanaume hawakukubali gari la mtu. Mlimani, mvua imekatika, Mama Sifa alinishika mkono akauliza, "Bale banaume, walifika saa ngapi pale kwetu? Walitoka wapi mbio vile?" Nikamwambia walikuwa wakipita kwenda shamba, wamefika wakati ule ule nilipoita. Gatera alikuwa hatua mbili mbele yetu, amesikia. Akahamisha mti kutoka bega hili kwenda lile, akaendelea kupanda. Kilima hakikunilaumu, na nyumbani pale walinipikia kama kawaida, na hilo ndilo lililonishinda. Niliendelea kula viazi vyao hadi Desemba. Gari lilibaki uani, sikuliwasha tena, na kuku wakaanza kutagia chini ya kiti cha nyuma. Mama Sifa alirudi kwenye ingobyi. Walimpokea, pombe wakamsamehe. Nikashuka Gisenyi nikatafuta kazi ya malori yenye klachi, na kwa miaka yote hiyo nilijifariji kwa jambo moja tu: kwamba angalau yule mama nimemwokoa asijue ile nailoni ilijaa maji kiasi gani.

Mahubiri yalikuwa yamefika kwenye wimbo. Watu wakasimama, sisi wawili tukabaki tumekaa, yeye kwa uzee, mimi kwa sababu alikuwa ameshika kiganja changu.

"Ile siku ulinidanganya vizuri, Mutanzania," akasema, bila kunigeukia.

"Siku gani, Mama?"

"Unajua siku gani." Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa baridi. "Mi niliwaona. Mbele hata haujasema dakika tano ya pili. Ku dirisha niliwaona wanaikalisha mu shamba ya birayi, Gatera anaifunika. Nilijua ni ya mutoto wangu. Nilijua wananingojea mimi, neno moja tu."

Nilitaka kumwambia hapana, kulikuwa na mvua, vioo vilikuwa na ukungu, hakuona vizuri. Aliubana mkono wangu ninyamaze.

"Nilikuwa nawaangalia," akasema, "na mudomo ulikataa. Na kila ukisema dakika tano, mwanangu, mi nilishukuru."